Mtani Wangu Amenuna: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Utani na Lugha Inayoumiza

Barua nyingi za miezi hii zimegusa jambo moja: neno limesemwa kwa kucheka, likapokelewa kwa uchungu. Tumechagua saba. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko zote, kwa kuwa majibu ya nyingine yanaanzia humo.

Nilimtania Mhehe kuhusu kamba, sasa hasemi nami

*Ndugu wahariri, mimi ni Mngoni wa Songea, nafanya kazi Iringa. Tangu nihamie hapa nimekuwa nikitaniana na mwenzangu wa ofisini ambaye ni Mhehe. Yeye huniita mtumwa wake, mimi humuuliza kama mchana huu tunakula mbwa. Wiki mbili zilizopita aligombana na mteja, akarudi mezani amevimba. Nikamwambia, "Usije ukatafuta kamba tu, nyie Wahehe hamkawii." Alinyanyuka akatoka. Tangu siku hiyo tunaongea ya kazi peke yake. Wazee walitufundisha kwamba mtani hakasiriki. Kosa langu ni lipi?*
— Mngoni, Iringa

Wazee walikufundisha kweli, lakini walikupa nusu. Nusu ya pili hawakuitaja kwa sababu enzi zao ilikuwa haihitaji kutajwa: mtani hakasiriki kwa sababu anajua wewe ndiye utakayekuja kumchimbia kaburi.

Utani wa makabila haukuanza kwa vichekesho. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, wala hakuna upande uliofaulu kuumaliza mwingine. Utani wenu umetoka huko. Wengine utani wao ulitokana na misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hadi Bagamoyo walipita Ugogo, wakapita Uzaramo, na walihitaji mahali pa kupata maji, chakula na mtu wa kumzika mwenzao akifia njiani. Mwaka 1944 mtafiti R. E. Moreau alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika, naye aliona hilo hilo: nyuma ya matusi kuna vita vilivyokwisha na njia za safari, na mbele yake kuna kazi ya kufanyiana. Ndiyo maana msibani mtani ana ruhusa ya kulala ndani ya kaburi akidai alipwe ndipo atoke, kuiga mwendo wa marehemu, hata kunyakua sufuria la wali. Lakini ni yeye huyo aliyechota maji tangu alfajiri, akapasua kuni, akashika jembe. Ruhusa ya mdomo ameilipia kwa mikono.

Sasa tuuangalie mzaha wako. Utani una sehemu tatu, na ikikosekana moja, kinachobaki ni tusi. Ya kwanza ni hiyo ya kufaana. Jiulize kama umewahi kufika kwao kwenye shida. Ya pili ni kurudishiana: anayetaniwa lazima awe na nafasi na nguvu ya kujibu papo hapo. Mwenzako alikuwa ametoka kugombana na mteja, hakuwa na nguvu hiyo. Ya tatu, na hapa ndipo ulipojikwaa hasa, ni kwamba utani hupiga kabila au ukoo, haupigi kidonda cha mtu. Mzaha wa mbwa unalipiga kabila zima, na hakuna mtu aliye hai anayelala akilia kwa ajili yake. Mzaha wa kamba ni mwingine kabisa. Mtu kujiua ni jambo linalotokea kwenye nyumba za watu sasa hivi, na mara nyingi familia huficha. Huwezi kujua kama ulimtaja mdogo wake, au baba yake, au yeye mwenyewe na usiku aliokaribia kufanya hivyo.

Wapo wanaojitetea kwa kumtaja Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mkwawa hakujinyonga. Alijipiga risasi mwaka 1898 huko Mlambalasi asikamatwe na Wajerumani, na fuvu lililopelekwa Ujerumani halikurudishwa hadi 1954, likahifadhiwa Kalenga, si mbali na unapofanyia kazi. Hiyo ni habari ya heshima na ya machungu. Mzaha wa kamba usitafutiwe hifadhi humo.

Na yeye neno "mtumwa" alipunguze. Kati ya watani wawili walio faragha halina shida, ni la tangu zamani. Lakini ofisi ina masikio mengi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na bado zipo familia za pwani na visiwani ambazo neno hilo likisemwa hata kwa mtu mwingine, zinajua linawahusu.

La kufanya sasa. Mtafute leo, mkiwa wawili, msiwe mbele ya mashine ya chai ambako watu wanapita. Litaje neno lenyewe: "Siku ile nilikutania kuhusu kamba. Halikuwa neno la kutaniana. Sitalirudia." Kisha nyamaza. Usiseme "kama nimekukwaza", maana unajua umemkwaza. Usiseme "si tunataniana tu", maana unamwambia yeye ndiye mwenye tatizo. Usimwombe akujibu hapo hapo kwamba amekusamehe. Akikueleza kwamba kweli amefiwa hivyo, mpe pole kama unavyompa mfiwa yeyote, na uketi. Faini ya soda au kuku, ambayo watani hupenda kutozana, ije baada ya maneno na si badala yake. Ukitangulia na kuku utaonekana unanunua.

Baada ya hapo usirudishe utani wewe. Mwache aanze. Siku atakayokuuliza kama Wangoni leo mmeshiba, ndiyo siku umerudishwa. Zikipita wiki tatu kimya kikiendelea, mtafute Mhehe mwingine mwenye umri na heshima hapo kazini akusemee. Hiyo nayo ni kazi ya watani ya tangu zamani.

Mshereheshaji: mzaha upi uachwe nyumbani?

*Mimi ni MC, nimeanza mwaka jana, nafanya harusi na send-off hapa Dar. Nikichekesha sana wazazi wananung'unika, nikipunguza kamati inasema ukumbi ulipoa. Mwezi uliopita nilimtania bibi harusi kuhusu unene, upande mmoja ulicheka, upande wa pili ulinuna hadi keki. Naomba mwongozo.*
— MC Mchanga, Temeke

Shida ya kwanza ya mshereheshaji ni maiki. Tumesema utani ni kurudishiana. Ukumbini wewe una spika nne na yule uliyemtaja ana kipande cha kuku mkononi. Hawezi kujibu. Kwa hiyo mizani yako ianzie chini sana kuliko ya mtu anayetania barazani.

Kikao na kamati hakitoshi, maana kamati hukuambia ratiba na bajeti, haikuambii vidonda. Wiki moja kabla, ongea kwa simu na mtu mmoja wa kila upande, kila mmoja peke yake. Shangazi au wifi mkubwa ndiye mwenye habari. Upande wa bibi harusi hautasema ya ndani mbele ya upande wa bwana harusi, ndiyo maana tunasema peke yake. Uliza: nani amefariki karibuni? Kuna aliyewahi kuoa au kuolewa? Kuna mjamzito, au kuna aliyepoteza mimba? Wazazi wa pande zote wanaongea? Mahari imekwisha kulipwa? Pande mbili ni makabila gani, dini gani, na kuna anayependa kinywaji kupita kiasi? Andika majibu kwenye karatasi ya ratiba kwa alama unayoijua wewe tu.

Mambo haya usiyaguse hata ukiombwa: uzazi na kuchelewa kwake, kiasi cha mahari, ndoa iliyotangulia, na mwili wa bibi harusi. Mwili wa bibi harusi, hata kwa sifa. Ukimsifu "kifaa" mbele ya baba mkwe wake umewavua nguo watu watatu kwa neno moja.

Nani basi ataniwe? Hapa mila imekurahisishia. Kwa watu wetu wengi utani una watu wake: mashemeji, mawifi, mabinamu, babu na bibi kwa wajukuu, na makabila yaliyo watani. Wakwe hawamo. Mkwe ni heshima, na kwa baadhi ya makabila mkwe na mkaza mwana hawatazamani usoni, sembuse kutaniwa pamoja. Ukitaka ukumbi uchemke, muite shemeji wa bwana harusi mbele, mtanie, halafu mpe maiki akujibu. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye sherehe nyingi: kumpa maiki. Kicheko cha majibu yake kitazidi chako, na hakuna atakayenuna.

Kuhusu Mchaga na pesa, Mpare na ubahili, Mhaya na majivuno: angalia kwanza nani ameketi. Mpare na Mchaga wakioana, mzaha huo wanautarajia, na ukiusema mara moja inatosha. Mara ya tatu unakuwa unawaambia wazazi kwamba watoto wao wamekosea kuoana.

Mzaha ukianguka, dalili ni hii: meza za nyuma zinacheka, meza ya mbele kimya. Usiufafanue. Sema "Naomba radhi kwa hilo", mpe DJ ishara mliyopatana kabla, aingize muziki. Yote yasizidi sekunde kumi. Muziki ukiendelea, weka maiki chini uende kwenye meza ya mhusika kwa miguu yako, uinamie, uombe radhi kwa sauti ya kawaida. Kuomba radhi kwa maiki mara ya pili ni kumtangaza mara ya pili.

Wanamwita mwanangu "zeruzeru"

*Mwanangu ana miaka minane na ana ualbino. Darasani wanamwita zeruzeru, na kijana mmoja wa dukani anamwita "dili" halafu anacheka. Nikilalamika naambiwa watoto wanataniana na yule kijana ana utani na kila mtu. Je, mimi ndiye mwenye hasira za karibu?*
— Mama, Geita

Hapana, mama. Huna hasira za karibu.

Tuanze na la dukani, maana ndilo la haraka. "Dili" si jina la utani. Tangu mwaka 2007 na kuendelea, katika Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Kumwita mtoto "dili" ni kusema mbele yake kwamba ana bei. Usimwendee kijana huyo peke yako. Nenda na mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, mweleze neno hilo linamaanisha nini kwa mtoto wako, na taarifa ibaki kwa mwenyekiti kwa maandishi: tarehe, mahali, maneno yenyewe. Akirudia, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Usingoje mara ya tatu.

La darasani ni la mwalimu. "Zeruzeru" limo kwenye kamusi za zamani kama jina la kawaida tu, ndiyo maana watu wazima wengi hulitumia bila nia mbaya. Lakini neno hukaa na watu liliotembea nao, na hili limetembea na wanaowinda. Leo tunasema mtu mwenye ualbino. "Albino" wapo wanaolikubali na wapo wanaolikataa, muulize mhusika. Ila mtoto wa miaka minane hahitaji istilahi kabla ya jina lake. Mwombe mwalimu aweke kanuni moja kwa darasa lote: kila mtu anaitwa kwa jina alilosajiliwa nalo. Akitoa somo zima juu ya ualbino huku mwanao ameketi katikati, atamfanya awe kielelezo cha ubaoni. Mwombe pia amketishe mbele na aandike kwa herufi kubwa, kwa sababu ualbino huenda pamoja na uoni hafifu, na nusu ya kuchekwa kwa watoto hawa hutokana na kusogeza daftari hadi puani. Kofia pana na mikono mirefu navyo viruhusiwe na shule kwa barua, asiulizwe kila asubuhi kwa nini hajavaa kama wenzake.

Mtoto mpe sentensi moja ya kujibu, fupi, aizoee nyumbani: "Jina langu ni fulani, niite hivyo." Usimfundishe tusi la kurudisha. Akirudisha tusi, mwalimu ataona watoto wawili wanatukanana.

Wasomaji wengine wameuliza kuhusu maneno mengine ya ulemavu, basi tuyapitie hapa. Viziwi wenyewe wanakubali neno kiziwi, na chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Wasilolitaka ni "bubu", kwa sababu wana lugha, ni ya alama. Wasioona wengi hupendelea "asiyeona" kuliko "kipofu". "Kilema" limeachwa, tunasema mtu mwenye ulemavu. "Taahira" na "chizi" kama mzaha kwa mtu aliyesahau funguo tunashauri viachwe kabisa. Kiswahili kina msahaulifu, kina bahati mbaya, kina wewe vipi leo.

Kuna wanaosema ubaya uko kwenye ki- ya mwanzo, kwamba inamfanya mtu kitu. Si hivyo. Kijana, kiongozi na kinyozi wana ki- hiyo hiyo na hakuna anayelalamika. Ubaya huingia kwenye upatanisho. Sema "viziwi wamefika". Anayesema "viziwi vimefika" amewaweka pamoja na viti, hata kama hakukusudia.

Mchongoano umegeuka ukabila kwenye kundi la mtaa

*Habari zenu. Mimi ndiye admini wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu, tulilianzisha kwa ajili ya maji, takataka na usalama. Vijana walileta mchongoano, ule mchezo wa kushindana kutaniana kwa maneno, tukacheka. Siku hizi kila mchongoano una kabila ndani, na wiki jana mtu aliandika "madoadoa". Wengine wanasema nimezidisha ukali nikifuta.*
— Admini, Nakuru

Futa. Na ukishafuta, eleza kwa nini, kwa mstari mmoja.

Mchongoano wa kweli una kinga yake: ni jambo lisilowezekana. "Wewe ni mrefu hadi ukijikwaa Nakuru unaumia kichwa Naivasha." Hakuna mtu wa hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Kazi ya mchongoano ni ufundi wa kutia chumvi, na anayeshinda ni aliyetia chumvi vizuri zaidi. Ukianza kugusa linalowezekana, kwamba kwenu hamjalipa kodi, kwamba mamako alifutwa kazi, kinga imeondoka. Ukigusa linaloaminiwa na watu kuhusu kabila zima, basi umeondoka kwenye mchongoano kabisa, hata ukiubakizia sauti yake. Hicho ndicho kipimo cha kuwapa vijana: hili linawezekana? Kama linawezekana, lisiandikwe.

Neno "madoadoa" ni jambo jingine. Huko Bonde la Ufa neno hilo lilitumika kuwaita watu waliohamia kutoka kwingine, na maana yake ilikuwa waondolewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,000 nchini Kenya. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, Tume ya Kitaifa ya Utangamano na Uwiano ililiweka neno hilo kwenye orodha yake ya maneno ya uchochezi. Mtu anayeliandika Nakuru hawezi kusema alikuwa anachekesha, maana wanaolisoma ni pamoja na walioona nyumba zikiungua.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Utangamano na Uwiano ya mwaka 2008, kifungu cha 13, inatoa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa matamshi ya chuki ya kikabila. Wasomaji wa Tanzania wasidhani hawahusiki: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu cha 17 na cha 18 kuhusu maudhui na matusi ya kibaguzi, na cha 23 kuhusu kumnyanyasa mtu mtandaoni. Kumbuka pia kwamba utani wa makabila wa Tanzania haujavuka mpaka na kanuni zake. Mtanzania akihamia Nairobi na kumtania Mkenya kabila lake kama alivyozoea Morogoro, hana mkataba wowote nyuma yake. Ametukana tu.

Kiutendaji, Admini: picha ya skrini ichukuliwe kabla ya kufuta, kwa sababu ukiitwa utahitaji kuonyesha ulichofuta. Kisha "futa kwa wote". Mwandikie mhusika faragha, si kundini. Tengeneza kundi la pili la vichekesho, anayetaka ajiunge mwenyewe, ili la maji na takataka libaki la maji na takataka. Na kuanzia wiki mbili kabla ya kura hadi matokeo yatulie, weka mpangilio wa maadmini pekee kutuma ujumbe. Watalalamika. Vumilia.

Babu anamwita mjukuu "mke wangu"

*Binti yangu wa miaka kumi na mmoja hataki tena kwenda kwa babu yake kijijini kwa sababu anamwita mke wangu mbele ya watu. Baba yangu ni mtu mwema, na hata mimi niliitwa hivyo na babu yangu. Nimwambieje bila kumkosea adabu?*
— Mzazi, Moshi

Utani wa babu na mjukuu ni wa kale na ni mzuri. Unampa mtoto mtu mzima mmoja asiyemwogopa. Lakini masharti yake ni yale yale: ni wa maneno bila mikono, ni wa hadharani, na mtoto anao uhuru wa kujibu "Mume gani mzee hana meno!" na watu wakacheka upande wake. Mtoto asiyejibu, anayekwepa, amekwisha kujitoa. Hapo utani umekufa hata kama babu bado anacheka.

Kwanza muulize binti, mkiwa wawili na bila kumharakisha, kama ni neno tu au kuna jingine. Uliza kwa maneno ya wazi: amewahi kukushika mahali hukupenda? Swali hili huulizwa hata babu awe mwema kiasi gani. Kama ni neno tu, mtoto wa miaka kumi na mmoja amefika umri wa kuona haya, ni kawaida. Mwendee baba yako asubuhi akiwa peke yake, umwamkie, umwambie: "Baba, mjukuu wako amekua, jina lile linamtia aibu mbele za watu. Tumtafutie jingine." Mwachie yeye alichague: bibi mdogo, somo, mama wa mama. Mzee akipewa kazi ya kuchagua hajisikii amekemewa. Na binti asisukumwe kwenda hadi jina jipya limeanza kutumika, hata kwa simu.

Jirani anapita na kanga ya maneno

*Assalaam alaikum. Jirani yangu kila tukikorofishana hupita mlangoni amejifunga kanga yenye jina "Mwenye wivu ajinyonge". Nijibu kwa kanga ipi?*
— Bi. Mkubwa, Tanga

Waalaikum salaam, bibi yetu. Usijibu kwa kanga.

Kijembe si utani. Utani unakutaja na kungoja jibu. Kijembe hakikutaji, kwa hiyo kila jibu lako linakuwa ushahidi kwamba kimekupata. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mvaaji siku zote anaweza kusema alipenda rangi ya mji wala jina hakulisoma. Ukinunua doti ya kumjibu, naye atanunua, na wanaofaidi ni wenye maduka. Mwite kwa chai, muulize kwa mdomo: tuna neno? Akisema hakuna, mshike kwa hilo.

Na kwa yeyote anayenunua kanga ya zawadi kwa mkwe, wifi au mgonjwa: ifunue yote dukani ulisome jina kabla hujalipa. Zawadi nyingi njema zimeharibiwa na mstari wa chini ambao mnunuzi hakuuona.

Lugha ya "ngoma" na "miwaya" kliniki

*Mimi ni muuguzi. Wagonjwa wetu wenyewe wanaoishi na VVU hutaniana "sisi wa miwaya". Je, nasi watumishi tukilitumia tunawakaribia au tunawaumiza?*
— Muuguzi, Mbeya

Mnawaumiza. Wao wanalitumia kama ngao, maana neno linapunguza uzito wa kitu wanachokibeba. Likitoka kwa mtu asiyekibeba, tena mwenye faili lao mkononi, ngao imegeuzwa mkuki. Unaweza kucheka wao wanapotaniana. Usilitamke.

Sema "anayeishi na VVU". "Mwathirika" lilitumika sana zamani na bado limo kwenye fomu za kale, lakini linamweka mtu kwenye meza ya waliokwisha shindwa, na anayekunywa dawa vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo hajashindwa. Usichanganye VVU na UKIMWI: mwenye VVU anayetumia dawa huenda asifike UKIMWI maishani mwake, na ukimwambia "una ukimwi" umempa taarifa isiyo sahihi ya hali yake.

Makosa mengi hutokea dirishani na kwenye foleni, si chumbani kwa daktari. "Wa dawa zile waje huku" ni tangazo. Tumieni namba za kadi. Simu ikipigwa kumkumbusha tarehe, mtaje kwa jina, jitaje kwa jina, sema "nakukumbusha miadi yako ya Jumanne", basi. Usitaje kitengo hadi ahakikishe ni yeye na yuko mahali anapoweza kuongea. Simu za watu wengi hushikwa na watoto, na spika huwa imewashwa.